Kutoka Katika Uraibu: Andaa Maisha ya Baada ya Tiba Kabla Hujaanza Tiba

Wengi wanaoamua kuacha pombe au dawa za kulevya hupiga moyo konde kwa ajili ya siku za mwanzo, zile za kutetemeka, kutapika na kukosa usingizi, wakiamini kwamba wakizivuka wamepona. Siku hizo ni ngumu kweli, lakini ni chache, na mtu akiwa chini ya uangalizi wa kitabibu huzivuka. Kinachowaangusha wengi ni wiki na miezi inayofuata, pale mtu anaporudi nyumbani bila kazi, bila marafiki ila wale aliokuwa akitumia nao, na bila mtu wa kumpigia simu usiku hamu inapomjia. Kwa aliyekuwa akitumia heroini au dawa nyingine za jamii ya afyuni, wiki hizo ndizo pia za hatari zaidi kwa uhai wake, kwa sababu mwili uliokaa bila dawa hupoteza ustahimilivu, na kipimo alichokizoea zamani huweza kumkatisha pumzi. Mwongozo huu unamhusu anayetaka kuacha pamoja na jamaa anayemuuguza, na kila hatua iliyoelezwa humu inalenga jambo hilo: maisha ya baada ya tiba yaanze kupangwa kabla ya tiba.

Pima ukubwa wa tatizo, kwa maandishi

Uraibu haupimwi kwa wingi wa chupa peke yake. Mwongozo wa DSM-5, uliotolewa mwaka 2013 na Chama cha Madaktari wa Magonjwa ya Akili cha Marekani, unataja dalili 11, miongoni mwake zikiwa kutumia kuliko ulivyokusudia, kujaribu kupunguza na kushindwa, kutumia muda mwingi kutafuta kilevi, kuacha majukumu ya kazi au ya nyumbani, kuendelea kutumia ingawa unaona madhara, kuhitaji kipimo kikubwa zaidi ili upate athari ileile, na kupatwa na arosto, yaani mateso ya mwili na akili unapokosa kilevi ulichokizoea. Mwenye dalili 2 au zaidi katika kipindi cha miezi 12 ana tatizo linalostahili tiba, na mwenye 6 au zaidi huhesabiwa kuwa na tatizo kubwa.

Kabla ya kwenda kumwona mhudumu wa afya, andika kwa muda wa wiki moja kila unapotumia: nini, kiasi gani, saa ngapi, ukiwa na nani, na ulikuwa katika hali gani dakika chache kabla. Andika mambo yenyewe bila kujitetea, kwa mfano: Ijumaa, saa kumi na moja jioni, baada ya kupokea malipo, nikiwa na wenzangu wawili wa kazini, nikiwa nimechoka na nimetoka kugombezwa. Karatasi hiyo humsaidia daktari kuchagua tiba. Ichunge, kwa maana utaihitaji tena utakapopanga namna ya kuishi baada ya kuacha. Taja kila kilevi bila kuficha hata kimoja, hasa kama unachanganya pombe na vidonge vya usingizi, kwa sababu mchanganyiko huo hubadilisha namna salama ya kuacha.

Usiache ghafla ukiwa peke yako

Watu wengi hudhani kwamba heroini ndiyo hatari zaidi kuacha. Arosto ya heroini huanza kwa kawaida kati ya saa 8 na 24 baada ya kipimo cha mwisho, hukaza siku ya pili na ya tatu, kisha hupungua ndani ya siku 10 hivi. Inatesa vikali, lakini ni nadra kuua, isipokuwa pale kutapika na kuharisha kunapoachwa kukaushe mwili. Pombe ndiyo inayoweza kuua inapoachwa ghafla na mtu aliyeizoea kwa muda mrefu. Kutetemeka na kutokwa jasho huanza saa chache baada ya glasi ya mwisho, degedege huweza kutokea ndani ya saa 48 za mwanzo, na kati ya siku ya pili na ya nne baadhi ya watu hupatwa na hali ya kuchanganyikiwa, kuona vitu visivyokuwepo, homa na mapigo ya moyo ya kasi, ambayo ni dharura ya hospitali. Vidonge vya usingizi na vya kutuliza wasiwasi, kama diazepamu, navyo haviachwi mara moja; daktari hupunguza dozi kidogo kidogo kwa wiki nyingi, na wakati mwingine kwa miezi.

Kwa sababu hiyo, aliyewahi kupata degedege, anayekunywa tangu asubuhi ili mikono isitetemeke, mwenye ugonjwa mwingine mkubwa, au anayechanganya vilevi, asiachie nyumbani. Mnywaji wa muda mrefu anayepokelewa kituoni anapaswa pia kupewa vitamini ya thiamini, maana upungufu wake huharibu ubongo. Mjamzito anayetumia dawa za jamii ya afyuni asiache ghafla kwa uamuzi wake; aende kliniki apewe tiba ya methadoni au buprenofini, ambayo ni salama zaidi kwake na kwa mtoto.

Kwa kokeini na methamfetamini, shida kubwa ya siku za mwanzo ni usingizi mzito, huzuni na wakati mwingine mawazo ya kujiua. Mtu huyo asiachwe peke yake chumbani kwa dhana kwamba analala tu. Bangi huleta hasira, kukosa usingizi na kukosa hamu ya kula kwa wiki moja hadi mbili, na wengi huivuka bila kulazwa.

Kuchagua kituo

Si kila mtu anahitaji kulazwa. Mwenye makazi tulivu, mtu wa kumsimamia na uraibu usio mkubwa anaweza kutibiwa akitokea nyumbani, akihudhuria kliniki na vikao vya ushauri nasaha. Anayeishi na watumiaji, au aliyeshindwa mara kadhaa kutokea nyumbani, hufaidika zaidi na nyumba ya upataji nafuu, yaani soba hausi, kwa muda wa kutosha. Mipango inayodumu chini ya siku 90 mara nyingi huwa na matokeo hafifu kwa uraibu mkubwa.

Kabla ya kulipa au kumpeleka mtu, uliza maswali na usikilize namna yanavyojibiwa. Nani anasimamia siku za arosto, na je, ni mtu mwenye taaluma ya afya? Kituo kinakubali mgonjwa aendelee na methadoni, au dawa za VVU, za kifua kikuu na za magonjwa ya akili? Mgonjwa anapimwa VVU na homa ya ini anapoingia? Familia inaruhusiwa kumtembelea na kuzungumza naye faraghani? Na lile ambalo wengi husahau kuuliza: mgonjwa akitoka, nani atamfuatilia, kwa muda gani, na kwa njia gani? Kituo kisichokuwa na jibu la swali hili la mwisho kinauza siku za kulala tu, hata kikiwa na vitanda vizuri.

Kituo kinachoahidi kuponya kila mtu kikimbie. Kinachofunga watu minyororo, kuwachapa, kuwanyima chakula au kuwalazimisha kazi kwa jina la kuwarekebisha si kituo cha tiba, na hakuna imani wala desturi inayohalalisha mateso hayo kwa mgonjwa. Nalisema kwa uzito, kwa sababu familia zilizokata tamaa huwa tayari kukubali lolote, na mgonjwa aliyeteswa mara moja kwa jina la tiba huikimbia tiba halisi kwa miaka.

Dawa ni tiba

Kwa uraibu wa heroini na dawa zinazofanana nayo, methadoni na buprenofini ndizo zenye ushahidi mkubwa wa kuokoa maisha. Vincent Dole na Marie Nyswander walianza kuitumia methadoni kutibu uraibu huko New York katika miaka ya 1960, na mwaka 2005 Shirika la Afya Duniani liliziingiza dawa zote mbili katika orodha yake ya dawa muhimu. Methadoni hufanya kazi taratibu na kwa muda mrefu, kiasi kwamba dozi moja kwa siku huzuia arosto na kupunguza hamu bila kumpa mtu ile nishai inayopanda ghafla na kushuka.

Utaratibu wenyewe ni wa kawaida sana. Mgonjwa hufika kliniki asubuhi, hutajwa jina, muuguzi humtazama kama amelewa au anasinzia, kisha humpa kikombe kidogo cha dawa ya maji. Huimeza palepale dirishani, hunywa maji juu yake, na huambiwa aseme neno moja au mawili ili ionekane kwamba kinywa ni kitupu. Dozi huanza chini, kwa kawaida isiyozidi miligramu 30 siku ya kwanza, na hupandishwa polepole, kwa hiyo siku za mwanzo mtu huweza kuhisi haitoshi. Asiongezee kilevi kingine juu yake, amweleze muuguzi. Buprenofini huyeyushwa chini ya ulimi, nayo huanzishwa baada ya arosto kuanza kuonekana, kwani ikiwahi kabla ya hapo huiamsha arosto kali papo hapo.

Wapo watakaomwambia mgonjwa kwamba amebadilisha ulevi kwa ulevi. Maneno hayo yamewafanya watu wakatishe dawa mapema, na kukatisha mapema huongeza hatari ya kurudia na ya kufa. Wengi huhitaji dawa hiyo kwa mwaka mmoja au zaidi, wengine kwa miaka mingi, na uamuzi wa kuishusha ni wa mgonjwa na daktari wake, wala haumhusu jirani. Kwa pombe zipo naltreksoni na akamprosati, ambazo husaidia kupunguza hamu au kudumisha kuacha, na disalfiramu, ambayo humfanya mtu augue vibaya akinywa na hivyo hutolewa kwa anayeelewa na kuridhia. Anayepewa naltreksoni ni lazima awe hajatumia afyuni ya aina yoyote kwa angalau siku 7 hadi 10. Uraibu wa kokeini, methamfetamini na bangi bado hautibiwi kwa dawa kama hizi, na hapo ushauri nasaha ndio hubeba mzigo, hasa mipango inayompa mtu zawadi ndogo kila kipimo chake cha mkojo kinapoonyesha kwamba hajatumia.

Ushauri nasaha na watu waliotangulia

Mshauri mzuri hamkalii mtu kooni. Tangu William Miller alipoeleza mwaka 1983 namna ya kuzungumza na wanywaji kwa kuwasikiliza na kuwasaidia kutaja sababu zao wenyewe za kubadilika, imedhihirika mara nyingi kwamba kumsimanga mtu humfanya ajitetee, na anayejitetea hajipangi. Katika vikao vinavyofuata, mshauri na mgonjwa hupitia ile karatasi ya wiki ya kwanza, wakitafuta saa, mahali, watu na hisia zinazotangulia matumizi, kisha hutafuta jambo la kufanya kwa kila kimoja.

Vikundi vya waraibu wanaopata nafuu huongeza kitu ambacho mtaalamu hawezi kukitoa, yaani mtu aliyepita njia hiyohiyo na anayepokea simu saa nane za usiku. Alcoholics Anonymous ilianzishwa mwaka 1935 huko Akron, Ohio, na Narcotics Anonymous mwaka 1953 huko California; mikutano yao haina ada, na mingine hufanyika kwa njia ya intaneti. Hudhuria mikutano kadhaa tofauti kabla ya kusema kwamba haikufai, kwa sababu kila kikundi kina watu wake. Ukikuta kikundi kinachowabeza wanaotumia methadoni, tafuta kingine na uendelee na dawa yako.

Kwa familia

Familia nyingi zimeambiwa zisubiri hadi mgonjwa afike mwisho wa njia ndipo atakubali msaada. Ushauri huo ni mbaya, kwa kuwa wengine mwisho wao huwa ni kaburi. Njia iliyotengenezwa na mwanasaikolojia Robert Meyers wa Marekani huwafundisha jamaa kufanya kinyume: kumwonyesha mgonjwa upendo na kumpa muda wao anapokuwa mzima, kujiondoa kwa utulivu anapokuwa amelewa, kuacha kumfichia madhara ya matumizi yake, na kumpa pendekezo la tiba wakati unaofaa.

Wakati unaofaa ni asubuhi, akiwa na akili timamu, pasiwe na hadhira ya ukoo mzima. Mama anaweza kusema: "Mwanangu, juzi ulipoanguka mlangoni wadogo zako walilia mpaka usiku wa manane, nami niliogopa kwamba umekufa. Nimeulizia kliniki, wanapokea watu asubuhi. Ukikubali, kesho tutakwenda pamoja." Ametaja jambo lililotokea, ametaja alivyojisikia, na ametaja hatua moja iliyo tayari. Hakuna matusi wala historia ya miaka kumi iliyopita. Akikataa, mama anyamaze na arudie siku nyingine.

Kulipa madeni ya muuzaji, kumdanganya mwajiri kwa niaba yake na kumpa fedha taslimu ni mambo ya kuacha. Chakula, nauli ya kliniki unayolipa mwenyewe na kitanda cha kulala si kumharibu. Ikiwa kuna kipigo au watoto wako hatarini, usalama wao hutangulia tiba yake. Jamaa nao wana kikundi chao, Al-Anon, kilichoanza mwaka 1951.

Miezi ya kwanza baada ya kutoka

Katika miaka ya 1970 mtafiti Lee Robins aliwafuatilia askari wa Marekani waliorejea kutoka Vietnam, ambako takriban mmoja kati ya watano miongoni mwao alisema aliwahi kuwa mraibu wa dawa za jamii ya afyuni. Katika miaka 3 ya mwanzo baada ya kurejea, ni asilimia 12 tu ya waliokuwa waraibu kule walioangukia tena uraibu. Walitoka katika mazingira ya matumizi wakaingia katika mazingira mengine kabisa, yenye familia na shughuli. Anayetoka kituoni hufanya safari ya kinyume: ametibiwa mahali pasipo na kilevi, kisha anarudishwa palepale alipokuwa akitumia. Ndiyo maana angalau wiki mbili kabla ya siku ya kutoka, mgonjwa, mshauri na jamaa mmoja anayeaminika wakae waandike majibu ya maswali ya kawaida kabisa: atalala wapi usiku wa kwanza, ataamkia shughuli gani, kliniki yake ya kwanza ni tarehe ngapi, na nani watatu wa kuwapigia simu.

Laini ya simu ibadilishwe, au namba za wauzaji na wenzake wa kutumia zifutwe na kuzuiwa, mgonjwa akiwa ndiye anayebonyeza. Kama siku ya malipo ndiyo iliyokuwa ikimwangusha, fedha ziingie kwenye akaunti ambayo dada au mke huiona pia, kwa makubaliano ya muda maalumu, ili mtu asijihisi mtoto. Njia ya kwenda nyumbani ibadilishwe kama ilipita kijiweni. Kazi yoyote yenye saa za kuamka, hata ya kujitolea, ni bora kuliko siku ndefu isiyo na jambo.

Hamu itakuja, na kuja kwake si ishara kwamba tiba imeshindwa. Kwa kawaida hupanda, hufika kilele na kushuka ndani ya nusu saa hivi kama hailishwi. Ondoka ulipo, mpigie mtu, kunywa maji, kula kama una njaa, na ahirisha uamuzi kwa dakika kumi na tano, kisha ahirisha tena. Usingizi huchukua wiki nyingi kurudi sawasawa, na huzuni ikidumu zaidi ya wiki mbili mweleze daktari, kwa sababu sonona isiyotibiwa ni njia fupi ya kurudi kwenye kilevi.

Nyumba ya aliyewahi kutumia heroini au vidonge vya maumivu vya jamii ya afyuni iwe na naloksoni, dawa ya dharura inayomrudishia pumzi aliyezidisha dawa hizo, na watu wa humo wajue kuitumia. Ukimkuta amezimia, haamki unapomwita na kumsugua kifua kwa ngumi, anapumua kwa shida au anakoroma ajabu, na midomo imebadilika rangi, ita msaada wa dharura, mlaze chali, inua kidevu ili njia ya hewa ifunguke, na mpulizie pumzi moja kila baada ya sekunde 5 hadi 6. Mpe naloksoni puani au msulini, na kama hajaanza kupumua baada ya dakika 2 au 3 mpe dozi ya pili. Akianza kupumua mlaze ubavu. Usimwache, hata akisema amepona, kwa kuwa naloksoni huisha nguvu ndani ya dakika 30 hadi 90, na heroini iliyobaki mwilini huweza kumzamisha upya.

Akirudia

Taasisi ya NIDA, taasisi ya taifa ya Marekani inayotafiti matumizi ya dawa za kulevya, hukadiria kwamba asilimia 40 hadi 60 ya wanaotibiwa uraibu hurudia kutumia, kiwango kinachokaribiana na cha wagonjwa wa shinikizo la damu na pumu wanaoacha masharti ya tiba yao. Mgonjwa wa shinikizo la damu akiacha vidonge akaugua, hakuna anayemfukuza hospitalini. Huulizwa kilichotokea na tiba hurekebishwa. Aliyerudia pombe au unga anastahili kutendewa hivyohivyo.

Siku hiyohiyo, au kesho yake asubuhi, amwambie mtu mmoja kati ya wale watatu. Asisubiri aibu ipungue, kwa sababu siku anazojificha ndizo zinazogeuza kosa la usiku mmoja kuwa miezi. Kama alikuwa akinywa methadoni na amekosa siku 3 mfululizo au zaidi, arudi kliniki aeleze idadi halisi ya siku, ili dozi ipangwe upya kuanzia chini; kudai dozi ya zamani wakati ustahimilivu umeshuka kunaweza kumuua. Kama alijidunga kwa sindano ya mtu mwingine, aombe kupimwa na aulizie dawa za kukinga VVU, ambazo huanzwa ndani ya saa 72. Kama ni pombe, na amekunywa kwa siku kadhaa mfululizo, asiache ghafla tena bila kumwona mhudumu wa afya. Kisha akae na mshauri wake, waichukue ile karatasi ya zamani na waongeze mstari mmoja mpya: ilikuwa saa ngapi, akiwa wapi, na nani, na alikuwa katika hali gani dakika chache kabla.